DVD za Mr. Bean za ex-UK pale Kongowea: zafaa hiyo pesa?

Bei kwanza, maanake najua ndio mtauliza. Jamaa alianza na shilingi 1,500 nikamwambia ami hizi ni DVD, watu saa hii wanaangalia kila kitu kwa simu, hebu nifanyie bei ya mtu wa nyumbani, tukavutana weee mpaka 800 na hapo akakaza kabisa, ati hii ni mali orijino imeshuka na kontena kutoka Uingereza pamoja na masofa na mafriji, si zile za kuchomwa kwa kompyuta. Na kweli ni orijino. Kava ngumu, picha zimechapishwa juu ya diski zenyewe, na nyuma stika ya bei ya paundi bado imeng'ang'ania. Ni Mr. Bean yote, ile ya watu si ya katuni, vipindi 14 vilivyoonyeshwa kwa tv ya Uingereza kuanzia 1 Januari 1990 mpaka 1995, na kile kimoja cha kinyozi ambacho kilitoka kwa kanda ya video.

Duka silitaji jina, ni moja tu ya yale ya vitu vya ex-UK, yani mitumba ya kutoka Uingereza, upande wa Kongowea hapa Mombasa, ukiingia unapita kwanza magodoro na baiskeli za watoto, DVD ziko kwa katoni chini ya meza na lazima uiname uchakure mwenyewe. Nyingi ni za mazoezi ya viungo na mapishi ya kizungu. Huduma niseme ni nusu kwa nusu. Mzee ni mcheshi, anakuvutia kiti, ana tv ndogo na deki ya kujaribia, diski ya kwanza akaiweka ikacheza safi, nikamwambia weka na hizi nyingine akasema zote sawa tu mwanangu usiwe na shaka. Kumbe ya pili ina mkwaruzo mrefu kama njia ya konokono. Nikairudisha, akaifuta na upindo wa kikoi, akaniambia kapakaze dawa ya meno. Nlipakaza. Ikapunguza kugwama lakini kuna mahali picha yaganda mpaka leo, na mahali penyewe ni ile episodi ya kwenda kwa daktari wa meno, sasa hiyo nayo sijui nicheke ama nilie.

Jambo jingine la kujua kabla hujatoa pesa: DVD hugawanywa kwa maeneo ya dunia yanayoitwa rijoni, za Uingereza ni za rijoni 2 na sisi huku tumewekwa rijoni 5, kwa hivyo deki yako ikiwa ya kampuni kubwa iliyofungwa itakwambia diski haikubaliki. Haya madeki ya mchina ya bei rahisi ndio hayana noma, yanameza chochote. Muulizeni mwenye deki kabla hamjaenda.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe, maanake si DVD tu nlizonunua, ni kama nimenunua nusu ya maisha ya mtu.

Rowan Atkinson wengi twamjua kwa sura na hata jina lake hatulijui. Muulize mtu yeyote Mtongwe, Majengo ama Bamburi, huyo nani, atakwambia Mr. Bean, basi. Ni mtoto wa mkulima, amezaliwa 6 Januari 1955 huko Consett, kaskazini ya Uingereza, na masomo aliyosomea ni uhandisi wa umeme, digrii Newcastle na masta Oxford. Yani huyu mtu alikuwa kwenye njia ya kuwa injinia haswa. Huko Oxford ndio akakutana na Richard Curtis, wakaanza kuandika vichekesho vya jukwaani, na huyo Bean mwenyewe akaanza kuota enzi hizo za uanafunzi, miaka mingi kabla ya tv kumwona.

Na ana kigugumizi. Tangu utotoni. Herufi B ndio inamsumbua zaidi, na amesema mwenyewe kwamba akiingia ndani ya mhusika kigugumizi kinapungua ama kinatoweka. Hili ukilijua kisha ukaketi na hizi diski unaona vitu tofauti. Bean hasemi, anaguna, akijitahidi sana atatoa neno moja kwa sauti nzito kama imetoka kwa pipa. Kuna watu wanasema alinyamaza kwa sababu ya kigugumizi, mimi siamini, maanake huyo huyo ndio Blackadder wa kile kipindi chake kingine, ambaye haufungi mdomo, ntakuja hapo. Mimi naona alinyamaza kwa hesabu. Mwaka 1987 alialikwa tamasha la vichekesho la Montreal kule Kanada, ambalo lina programu ya Kiingereza na ya Kifaransa, yeye akang'ang'ania awekwe kwa programu ya Kifaransa na wakati kwenye onyesho lake hakuna neno hata moja la Kifaransa. Waandalizi hawakumwelewa. Kumbe alikuwa anajaribu mtambo, aone kama watu wasiojua Kiingereza watacheka. Wakacheka. Miaka mitatu baadaye Mr. Bean ikaenda hewani na mwaka huo huo ikashinda Golden Rose, tuzo ya vipindi vya tv, kule Montreux, Uswisi.

Hilo jaribio la Montreal mimi nimelirudia nyumbani bila kukusudia. Bibi yangu, yani nyanya si mke, Kiingereza hana na hakitaki, tv kwake ni taarifa ya habari na mawaidha, tukiweka muvi ya kizungu huanza kuuliza anasema nini, anasema nini, mpaka wote mnachoka. Hii haulizi kitu. Aliketi na kahawa yake baada ya isha, watoto wa jirani wamejaa kwenye busati, na ikafika ile ya kutengeneza sandwichi kwenye benchi ya bustani. Kama hujaiona: Bean amekaa kando ya jamaa mwingine anayekula sandwichi yake ya kununua kwa adabu. Bean anatoa mkate mzima ndani ya koti, anaukata kwa mkasi, siagi anaipaka na kadi ya benki, majani ya saladi anayaosha halafu anayatia ndani ya soksi anayazungusha hewani yakauke, samaki wako hai ndani ya chupa, anawachomoa anawapiga kwa benchi mpaka wanatulia. Bibi hapo akashindwa. "Hata hakuwaparua magamba!" Na chai yenyewe imetoka kwa ule mpira wa maji moto wa kulalia. Halafu baada ya kazi yote hiyo anapiga chafya moja tu, kila kitu kinaruka, na yule jamaa wa pembeni anamkatia nusu ya sandwichi yake. Bibi akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Kwani huyu hana mke wa kumfungia chakula?"

Nimeirudia hiyo sehemu nikiwa na remoti, nasimamisha naendesha, na hapo ndio unaona uinjinia. Hakuna kitu kinachotoka kwa koti bila mpango. Kila kifaa kina kazi ambayo inaleta maana kabisa ndani ya kichwa chake, mkasi unakata kweli, soksi inakausha kweli, yani mtu anatatua shida kwa akili zote alizonazo isipokuwa ile moja ya kujua watu wazima hufanyaje. Atkinson mwenyewe humweleza Bean kama mtoto aliye ndani ya mwili wa mtu mzima. Na tazameni vizuri kamera, nusu ya kicheko haiko kwa Bean, iko kwa yule jamaa wa pembeni anayejaribu kutomwangalia. Wachekeshaji wetu wengi saa hii hilo hawalijui, wote wanataka kupiga kelele kwa wakati mmoja, hakuna wa kushangaa kwa niaba yetu.

Episodi za kwanza kwanza ndio tamu zaidi kwangu. Ile ya chumba cha mtihani, ile ya mkahawani analetewa nyama mbichi ya kusaga anaificha kwa chombo cha maua, mkate, mpaka kwa mkoba wa mama wa watu. Ya Krismasi ya 1992 ambayo kichwa kinakwama ndani ya bata mzinga, hiyo hata ukiwa na deni utacheka. Zile za mwisho mwisho zimelegea. Ya gofu imevutwa mno, wazo moja limetandazwa mpaka likawa jepesi, na ya mtoto mchanga nlipitisha mbele bila kujuta.

Wazazi nawaambia mapema, kuna sehemu yuko uchi. Ile ya hoteli anafungiwa nje ya chumba bila nguo na anazunguka koridoni, na ya kidimbwi cha kuogelea nayo ni hivyo hivyo. Hakuna kinachoonekana cha aibu sana lakini mkiwa mmekaa na wakwe hebu remoti iwe karibu. Bibi alijifunika na mtandio lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Gari sasa. Ile Mini ya kijani yenye boneti nyeusi na kufuli ya komeo kama ya choo cha nje. Kwenye diski utaona kwamba episodi ya kwanza kabisa Mini ilikuwa ya rangi ya chungwa, kijani ilikuja baadaye. Kuna episodi ya 1994 amenunua kiti cha sofa na makorokoro kwenye seli ya mwaka mpya, gari imejaa hana pa kukaa, basi anafunga kiti juu ya paa, anakaa juu yake na kuendesha kwa kamba na fagio. Niliwaonyesha vijana wa bodaboda wa steji yetu hiyo kwa simu, wakasema hakuna kipya, sisi twabeba friji.

Kumbe mwenyewe kwa maisha yake ya kweli ana wazimu wa magari, na si Mini. Alinunua McLaren F1 mwaka 1997 kwa paundi 640,000, akaigonga mara mbili, ya mwaka 2011 ilikuwa mbaya sana mpaka bima ikatoa kama paundi 910,000 kuitengeneza, halafu 2015 akaiuza paundi milioni 8. Hebu fikiria gari lililogongwa mara mbili na bado linauzwa zaidi ya mara kumi ya bei ya dukani, huku kwetu probox ikikwaruzwa tu mnunuzi anataka upunguze elfu hamsini. Na ana leseni ya kuendesha malori makubwa pia.

Na hapa ndio sisi watu wa Pwani tuna fungu letu, na inaniuma kwamba kwenye kava nzima hakuna hata mstari mmoja kuihusu. Machi 2001 alikuwa Kenya likizo na familia yake. Wakapanda ndege ndogo kutoka Ukunda, hapa hapa, ukivuka feri Likoni ukashika matatu hufiki saa nzima, wakielekea uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi. Angani rubani akazimia. Yeye hakuwa rubani. Akashika usukani akaishikilia ndege hewani mpaka yule rubani akazinduka na kuitua Wilson salama. Hii si hadithi ya vijiweni, iliandikwa na magazeti ya dunia nzima wakati huo. Fikiria wewe ndio rubani, unafumbua macho, na anayeendesha ndege yako ni Mr. Bean. Mimi ningezimia tena.

Nlimsimulia yule mzee wa duka akanitazama kama nimemtungia, mpaka nikamwonyesha kwa simu. Kisha nadhani alijuta kunipunguzia bei.

Sasa malalamiko yangu makubwa, na haya si ya duka, ni ya mkusanyo wenyewe. Umeandikwa kana kwamba huyu ndio Rowan Atkinson wote. Siye. Kabla ya Bean kulikuwa na kipindi cha vichekesho cha tv, Not the Nine O'Clock News, 1979 mpaka 1982, hiyo ndio iliyomtoa. Halafu Blackadder, 1983 hadi 1989, misimu minne, kila msimu enzi nyingine ya historia ya Uingereza, na yeye kila mara ni yule yule mjanja mwenye ulimi wa kiwembe anayetukana watu kwa sentensi ndefu za kunyooka bila kupaaza sauti. Msimu wa mwisho wako kwenye mahandaki ya vita vya kwanza vya dunia, unacheka mpaka ile episodi ya mwisho wanapotoka handakini kukimbilia risasi, na hapo hakuna wa kucheka. Ukimjua Bean tu ukawekewa Blackadder utaapa ni ndugu wawili waliochangia pua. Na ile B inayomsumbua ameigeuza kuwa silaha, anaisukuma, anaipasua, kuna msimu anamwita mtu jina la Bob na hilo jina peke yake namna anavyolitamka ni kichekesho.

Nafikiria Mzee Ojwang wetu wa kile kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, marehemu Benson Wanjau, Mungu amrehemu, aliyefariki 2015. Mkikuyu ambaye nusu ya Kenya iliamini ni Mjaluo kwa namna alivyokuwa akikivunja Kiswahili. Yeye nguvu yake ilikuwa ulimini, ukimnyamazisha kichekesho kinapungua nusu. Huyu Atkinson anazo zote mbili, ulimi na sura, na mkusanyo umeniuzia sura tu. Mwingereza hilo halimpi shida, Blackadder anaijua tangu kitambo, lakini sisi ambao Bean tulimwona kwa mabasi ya Nairobi, pale kondakta akiweka diski mkipita Mariakani, tungependa kujua kuna huyo mwingine.

Filamu nazo hamna humu, ile ya 1997 wala ya 2007 ya kwenda Ufaransa, na katuni iliyoanza 2002 inauzwa mbali. Kuna vichekesho viwili vya ziada ambavyo vilikatwa, cha kituo cha basi na cha maktaba. Cha maktaba ni dhahabu, anaharibu kitabu cha kale kurasa baada ya kurasa na haruhusiwi kupiga kelele, hicho peke yake nakihesabia shilingi mia.

Ajabu ni kwamba Atkinson mwenyewe amewahi kusema kumwigiza Bean hakumpi raha, kunamchosha na kumpa presha, na kwamba angefurahi kufika mwisho wake. Mimi hilo nalielewa nikiangalia hizi diski, maanake hakuna wa kumsaidia kubeba, episodi nzima iko kwa uso wa mtu mmoja. Lakini dunia haimwachilii. 27 Julai 2012 wakamweka kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London akibonyeza noti moja ya kinanda na okestra nzima nyuma yake, alivyochoka nayo akawa anatafuta kitambaa cha kujifuta pua. 2022 akarudi kwa Netflix kwenye Man vs Bee, anapigana na nyuki kwa episodi fupi tisa, ambayo kusema kweli ni Bean aliyezeeka na kupewa jina jingine. Mwaka huo huo Zimbabwe ikaifunga Pakistan kwenye kriketi, na rais wao Mnangagwa akaandika kwamba safari nyingine watume Mr. Bean wa kweli, maanake huko nyuma kuna Mpakistani aliwahi kuletwa Zimbabwe akijifanya Bean na watu hawakuwahi kusahau. Na hapa kwetu kila baada ya muda kunazunguka kwa WhatsApp picha yake na mshumaa, ati amefariki, watu wanatuma pole. Yuko hai jamani, tulieni.

Haya, kununua ama kuacha? Nyumba yenye wazee na watoto pamoja nunueni, tena msingoje. Ukiwa peke yako na bando la kutosha vipande vingi viko mtandaoni bure, ila vimekatwakatwa, huoni namna episodi inavyojengwa taratibu kutoka kosa dogo, na matangazo yanakuja pale pale anapotaka kupiga chafya. Stima ikipotea hiyo ni shida ya wote, DVD ama simu.

Mkienda kwa huyo mzee mwambieni aweke kila diski, na aipeleke mpaka katikati, msikubali hadithi za dawa ya meno. Seti nyingine ya Bean sikuiona, iliyobaki ni ya katuni na alikuwa anataka 500, mwanzieni na 250. Na atakayeona Blackadder kwa katoni yoyote, ya ex-UK ama ya wapi, anishikie, hiyo ntalipa elfu bila kuvutana.